Kwa Silvano, Ambaye Hatukuthubutu Kumgusa

Mwaka umetimia, Silvano wetu, tangu ulipoanguka kwenye jaruba la mpunga huku Lumemo ukatuacha.

Ulikuwa fundi baiskeli usiyejua kununa, isipokuwa ukikuta mtu amekuwahi ukoko wa wali. Pancha za watoto wa shule uliziziba kabla ya za wakubwa, maana wakubwa, ulisema, wanajua kudanganya kwamba wamechelewa.

Kifafa ulikuwa nacho tangu utoto. Tulikupenda, lakini kilipokupanda tulikaa mbali mpaka kikushuke. Tulilelewa tukiambiwa kwamba povu la mgonjwa likimgusa mtu, ugonjwa unamhamia. Tuliamini hivyo.

Siku ile mlikuwa mkipalilia, wewe na dada yako Agnetha. Ulianguka kifudifudi, na maji hayakufika hata magotini. Yeye alikuwa hatua sita tu kutoka kwako. Majirani wakampigia kelele asikuguse, maana alikuwa akinyonyesha. Akasimama palepale akikuita jina. Baba mdogo Apolinari alipofika mbio na kukugeuza, ulikuwa umeshakata roho.

Mwezi mmoja baadaye Agnetha akaenda zahanati peke yake kuuliza kama ni kweli. Muuguzi akamwambia kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusa: mwondolee mtu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimwache peke yake. Alirudi nyumbani akilia kuliko siku ya mazishi.

Mwezi uliopita, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, binti aitwaye Happyness alianguka karibu kabisa na mkanda unaozunguka. Watu wakatawanyika. Agnetha naye alirudi nyuma hatua mbili, hatulifichi hilo. Halafu akaenda. Akamvuta mbali na mkanda, akamlaza ubavu, akamkunjia khanga yake chini ya kichwa. Mama mmoja akanyoosha kijiko ili atiwe mdomoni, Agnetha akakikataa. Povu lilimmwagikia mkononi, akahisi kama ugonjwa wenyewe unampanda mpaka begani. Hakumwachia.

Happyness alipozinduka aliona watu wote wako mbali isipokuwa mmoja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, huogopi?"

"Naogopa sana," Agnetha alimjibu. "Lala tu, nipo."

Silvano, maneno hayo yalikuwa yako. Wewe ndiye uliyestahili kuyasikia kwanza, tena kutoka kwetu. Utusamehe.

Misa yako itasomwa Jumapili kigangoni. Wanakukumbuka baba yako Nikodemu, mama yako Balbina, baba mdogo Apolinari, dada yako Agnetha na mwanawe Hilary, pamoja na ndugu wote wa Lumemo na Mngeta.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na hatutakaa mbali tena.