Msaragambo wa Nyumba Yetu

Mhezi, Jumamosi

Hatimaye bati la mwisho limepigiliwa. Tangu mvua iangushe nyumba yetu, nimekuwa nikilala na wanangu watatu jikoni kwa jirani yangu, Mama Elirehema, huku shemeji akinishauri niwagawe kwa ndugu. Nilikuwa nimeshaanza kukubali.

Leo kijiji kizima kimekuja kwenye msaragambo wa kutujengea. Wanaume walipaua, sisi wanawake tukakandika kuta. Shemeji naye alikuja, nikanuna. Mama Elirehema akamwambia, "Baba, shika nyundo, maneno baadaye." Akapanda juu, akapigilia mpaka jioni.

Mlango bado hatuna, na upepo wa huku naujua. Lakini watoto wote wamelala hapa, ubavuni kwangu. Nimewahesabu mara mbili.