Nyumba ya Tano

Tarime, Alhamisi, Aprili 1956. Mvua tangu asubuhi, na baridi ya kuvaa sweta.

…na bado nasema sikujua. Nimelirudia neno hilo tangu Jumapili, nikitandika kitanda, nikichana nywele. Sikujua. Kabla ya harusi Jayant aliniandikia kwamba Wahindu wa Tarime ni nyumba tano tu, ukiacha yetu. Basi mimi nilipofika nikazihesabu nyumba tano.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Ba, mama mkwe wangu, akiona Kigujarati atasoma. Herufi hizi za kizungu hazimshughulishi.

Nina wiki tatu za ndoa. Wiki tatu! Hina ya mikononi imefifia lakini bado naitazama kila asubuhi, na Jayant akiingia kutoka dukani moyo wangu unaruka kama wa mtoto. Nilisoma sekondari Mwanza, nikadhani nimekuwa mtu wa akili. Mume wangu anavua kofia tu, akili yote inaniisha.

Kwetu bibi harusi hupelekwa kila nyumba ya jamii. Anainama na kugusa miguu ya wakubwa, wanambariki, wanamlisha kitu kitamu. Jumamosi Ba alinipeleka nyumba nne, zote za wenye maduka. Tulipotoka ya nne akasema mvua inakuja, turudi. Nikaamini. Mawingu kweli yalikuwepo.

Kwa hiyo Jumapili, Ba akiwa amelala mchana, nilijaza sahani ladu, vile vidonge vitamu vya harusi, nikaenda mwenyewe nyumba ya tano, kwa fundi viatu na mkewe Kashi. Fundi huyo ndiye aliyeshona viatu alivyovaa Jayant siku ya harusi yetu. Niligonga nikiwa na furaha isiyo na kipimo.

Kashi-masi (masi ndivyo tunavyomwita mama mdogo) alifungua mlango akabaki ameushika. Nikainama nikagusa miguu yake. Akairudisha nyuma, kana kwamba nimeimwagia maji ya moto. Nikaketi, nikamwomba maji. Akaniuliza kama nina hakika. Nikacheka, nikasema, "Masi, nimepanda kilima hiki chote, nina hakika sana." Akaniletea maji na kipande cha sukari guru. Nilipokunywa akajifunika uso kwa sari yake, akalia.

Nikadhani analia kwa sababu mimi ni bibi harusi mzuri.

Naona aibu kuliandika hilo.

Kosa lenyewe lilikuwa mdomo wangu. Wakati wa chakula nilisimulia yote mezani, ladu, maji, sukari guru, huku nikisubiri kusifiwa. Ba aliweka chapati chini. Akainuka, akamwaga maji ya mtungi niliyokuwa nimeyachota, akasugua mtungi kwa majivu. Kisha akaniambia nisiingie jikoni. Fundi viatu anashika ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Tangu huko Gujarat, watu wa tabaka letu hawanywi maji ya watu wa tabaka lake. Hapa Tarime wanasalimiana kwa heshima, wanahudhuriana misiba, lakini maji hapana. Miaka yote. Hakuna aliyeniambia kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu anaweza kutojua.

Ba hakutaka mambo makubwa. Nioge, kisha niseme mbele ya miungu kwamba sitarudi kule. Sentensi moja tu. Jumatatu nilioga. Sentensi ikakataa kutoka.

Tangu siku hiyo nakula barazani, sahani yangu peke yake.

Jumanne alikuja Mama Bhoke, Mkurya wa Nyanungu anayetuletea samli. Akaniona nimekaa na sahani yangu.

"We bibi harusi, wamekufukuza jikoni? Umeunguza nini?"

Nikamweleza. Akashika kiuno.

"Huyo fundi si Mhindi mwenzenu?"

"Ni mwenzetu."

"Na maji yake si ya kisima hichohicho?"

"Hichohicho, mama."

Akacheka hadi akaweka kibuyu chini. Halafu akajifuta macho. "Na sisi tunao wahunzi wetu," akasema. "Jembe lao tunalimia, binti yao hatuoi." Hakucheka tena. Aliingia ndani na samli, na Ba akaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo inayowasha taa ya miungu wetu. Samli ya Nyanungu haina shida. Maji ya Kashi yana shida. Nimelifikiri hili mpaka kichwa kimeuma. Serikali inatuita Waasia, sokoni wanatuita Wahindi, na sisi tukifunga milango tunajua nani ni nani.

Jana mchana ndipo Jayant wangu alipofanya alichofanya. Alitoka na kigoda chake, akaketi karibu nami mpaka magoti yakagusana, akamega chapati yangu, akachovya katika bakuli langu, akala. Akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Ba, sasa tuko wawili." Ningeweza kumbusu pale pale, mbele ya barabara yote ya madukani!

Ba alikuja mlangoni. Nilitegemea makelele. Alisema polepole, kwa Kigujarati, na hapa natafsiri kadiri ninavyoweza.

"Nilipanda meli nina miaka kumi na tano. Mama yangu sikumwona tena. Ninyi lugha mnaichanganya, sala mnaikatiza katikati, sari mnavaa siku za sikukuu. Mimi nilichobakiwa nacho ni jiko hili, kama mama alivyoliweka. Na hilo nalo mnalitaka?"

Akarudi ndani. Jayant akaacha kutafuna.

Nakiri hapa: siku tatu nilimchukia yule mama. Jana nikashindwa kuendelea. Ningependa awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini aliyosema ni kweli, na mikono yake inamuuma kwa baridi hii, na anapika peke yake kwa sababu yangu.

Kashi-masi naye tangu Jumapili akiniona barabarani anavuka upande wa pili, macho chini. Anadhani ameniharibia ndoa. Nikisema ile sentensi, Ba atapata jiko lake, na Kashi-masi atajua kwamba hata msichana aliyesoma alikunywa maji yake kwa kutojua tu.

Leo, mvua ilipokatika, nilisimama kwenye kizingiti cha jiko bila kuvuka. Ba alikuwa anakanda unga. Nikainama kuelekea miguu yake kwa mbali. Nikamwambia nasikitika kwa kumwumiza, na kwamba nataka anifundishe sala zote bila kukatiza, na namna mama yake alivyopika, kila kitu, nisipoteze hata kimoja. Lakini kwa Kashi-masi nitakwenda tena. Sauti yangu haikuwa ya shujaa.

Alikanda. Kisha akatoa jiko dogo la mkaa na sufuria moja, akaviweka barazani, upande wangu. Basi nyumba yetu ina majiko mawili, na mimi nina mume ninayempikia nje kwenye baridi, ninayempenda hadi kooni, na mama mkwe ninayemsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Sijui watoto wetu watakula upande gani.

Nilikuwa napuliza mkaa aliposema kutoka ndani, bila kujitokeza, "Utakwenda siku gani?"

Sijui kwa nini anauliza. Labda atafunga dirisha asinione nikipita. Labda sivyo. Jayant alinitazama, nami nikajibu kwa sauti, ili Ba asikie na jirani pia asikie:

"Kabla mwezi haujaisha, Ba. Mchana, kwa kupitia mbele ya maduka yote."