Mashine ya Mjomba Ililia Mimi Nikiwa Natalii Jiji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila naomba kwanza usome mpaka mwisho ndipo unitukane, maana rafiki zangu wote niliowasimulia walianza kucheka katikati na hakuna aliyefika mwisho, na huo mwisho ndio unaoninyima raha.

Mimi ni kijana, shule na mimi tuliachana mapema, kila mmoja akimlaumu mwenzake, basi mjomba akanichukua karakanani kwake akanifundisha kulehemu, na bila kujisifu, au wacha nijisifu kidogo, gazeti ni lenu lakini barua ni yangu, mtaani kwetu hakuna anayenifikia, naweza kutia risasi ya kulehemu mahali padogo kama jicho la sisimizi na isimwagike, ndiyo maana wananiita Mkono Mwepesi.

Mjomba yeye ni mbunifu. Ametengeneza mashine ya kulinda mafriji ya chanjo kwenye zahanati, ina kioo kidogo cha namba na taa mbili, ya kijani kusema mambo shwari na nyekundu kusema njooni, umeme ukikatika inahamia kwenye betri yake na kuendelea kupima ubaridi, na friji likianza kupata joto inapiga kelele mpaka mtu aje. Ameihangaikia miaka, mpaka mkewe akawa anaiita mke mwenza, asubuhi anauliza, "Mke mwenzangu kaamkaje?"

Sasa ukatokea mkutano mkubwa wa wabunifu wa vifaa vya elektroniki, jiji la mbali, mkutano ambao mjomba aliutamani tangu mimi sijaota meno, safari hii akapewa meza ya kuonyesha mashine yake, na wiki ileile akanyanyua transfoma kama kijana, mgongo ukamjibu kama mzee. Akawa amelala chali sakafuni, ananiangalia kutoka chini.

"Mjomba, utakwenda wewe," akaniambia. "Wakikuuliza usilolijua, sema mwenye nalo anaumwa, uwape namba yangu. Ila usiondoke mezani."

"Usijali, mjomba. Watadhani mimi ndiye niliyeibuni."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Mshauri, ule ukumbi ungeuona! Zulia mpaka chooni, beji shingoni, watu wazima wanainamia bodi za saketi kwa miwani ya kukuzia wakisifia njia za shaba kama akina mama wanavyosifia mitandio. Siku ya kwanza nilikaa mezani kama nilivyoagizwa, kijifriji chetu kidogo pembeni na chupa ya maji ndani, mashine imening'inia juu yake, taa ya kijani, na kila aliyepita nilimweleza yote ninayoyajua na machache nisiyoyajua. Meza ya jirani alikuwepo dada mmoja mwenye taa za vyumba vya upasuaji, akaniambia, "Wewe kaka ungeuza hata hewa."

Siku ya pili simu yangu ilikuwa haina chaji, na pale mezani soketi ni moja, na mimi nilishaapa kwamba mchana nitatoka nikapige picha, kwa sababu vijana wa mtaani walisema sitafika hata mlango wa ukumbi. Nikachomoa waya wa friji na mashine, nikachomeka simu. Mashine ina betri, si ndiyo kazi yake? Simu ilipojaa nikaichukua, nikamwambia dada nakwenda kunywa chai narudi sasa hivi, na ule waya, mshauri, nikauacha palepale chini ya meza umelala kama nyoka aliyekufa.

Chai yenyewe sikuinywa. Nilipanda lifti ya kioo mpaka juu kabisa nikaona mji wote kama bodi iliyolehemiwa, barabara ndizo njia za shaba, nikajiona mimi ndiye umeme, nikavuka daraja kwa miguu nikarudi nikalivuka tena kwa sababu picha ya kwanza nilikuwa nimefumba macho, nikaingia mtaa mzima wa maduka ya vipuri, redio zimepangwa mpaka njiani, nikabishana na muuzaji mmoja kuhusu spika hadi watu wakasimama kutusikiliza, na nilishinda, nikanyolewa, nikapotea, nikaelekezwa, nikapotea tena kwa raha zangu.

Niliporudi ukumbini yule dada alinipokea kwa macho.

"We kaka, ulikuwa wapi? Mashine yenu imelia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Nimeuliza huku na huku, hakuna anayejua uliko. Nikadhani labda ndiyo maonyesho yenyewe. Imelia mpaka sauti ikakauka."

Nikainama haraka nikachomeka waya. Kioo kikawaka, nyuzi nne, taa ya kijani, nikapumua. "Umeona?" nikamwambia. "Hiki ni chuma." Nikafungua kijifriji nitoe maji ninywe, na ile chupa ilikuwa vuguvugu kama chai ya mgonjwa. Nikatazama kioo, nyuzi nne. Nikashika chupa, vuguvugu. Taa ya kijani. Ilikuwa imeamka, mshauri, lakini inaonyesha namba iliyoihifadhi asubuhi, kabla sijachomoa waya. Nikabonyeza kitufe cha nyuma, ndipo ikapima upya, namba ikaruka na taa nyekundu ikawaka na kelele zikaanza.

Mjomba hakuwahi kuliona hili na naelewa kwa nini. Kwake karakanani betri haiachwi ilale njaa, ni mwiko, ikikaribia kuisha yeyote aliye karibu anachomeka, hata kama yuko katikati ya kula, kwa hiyo mashine ile tangu kuzaliwa haikuwahi kufa ikafufuka. Ilikufa mikononi mwangu, au tuseme ilikufa nikiwa darajani.

Ningenyamaza hapo ingekuwa afadhali. Friji liliporudisha ubaridi akaja mama mmoja anayesimamia dawa za zahanati nyingi, mpole, anauliza taratibu, akatazama taa ya kijani akasema, "Kijana wangu, kwetu umeme unaweza kukata hadi tukasahau sura yake. Betri nayo ikiisha kabisa, halafu umeme ukarudi, inakuwaje?"

Nikamjibu, "Mama, hii haijui kuzimika. Mimi mwenyewe nitazimika kabla yake."

Akacheka, akanipiga begani, akaagiza mashine kwa zahanati zake zote. Dada wa jirani alinitazama tu, kisha akaanza kufuta kioo cha taa ambacho hakikuwa na vumbi.

Nyumbani mjomba aliinuka na mgongo wake huohuo akanikumbatia akasema, "Mjomba, jina langu limekaa vizuri mdomoni mwako." Tangu hapo amenisogeza kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, penye mwanga, kiti chake mwenyewe, na mimi ndiye ninayelehemu zile mashine za yule mama, moja baada ya nyingine, kwa mkono huu ninaojivunia, na kila taa ya kijani inayowaka nageuza uso. Vijana wanataka picha za jiji. Nawaonyesha lile daraja na ninachosikia ni kelele mpaka zinakauka.

Nimewaza hivi, nibandike kibandiko nyuma ya kila mashine, "umeme ukirudi bonyeza hapa", mjomba nimwambie ni pambo la kisasa. Maana nikisema mashine ina kasoro ataniuliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje ndiyo basi, hatanituma tena hata dukani, na yule mama anaweza kufuta kila kitu. Mwisho wa mwezi tunafunga masanduku. Mshauri, kibandiko hakitoshi? Niambie kinatosha.

Mimi, Mkono Mwepesi

*

Mkono Mwepesi,

Hakitoshi.

Barua yako nimeipitisha mbele ya foleni. Wanaogombea waume watanisamehe, waume hawaharibiki kwa joto. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na katikati nilicheka, nakiri, pale uliposhinda ubishi wa spika. Sikucheka tena baada ya hapo.

Hicho kibandiko ni ukweli uliokatwa miguu ili usitembee mpaka kwa mjomba wako. Muuguzi mmoja, foleni ya akina mama imefika mlangoni, umeme umerudi, anatupa jicho kwenye taa ya kijani. Unadhani atazunguka nyuma ya mashine kusoma pambo lako la kisasa? Ataamini taa. Ndiyo maana mjomba wako aliiweka mbele.

Sasa nikugombeze kwa mpangilio unaostahili. Kutoka kwenda kuona jiji si dhambi. Una miguu, una macho, na mjomba aliyempeleka kijana mahali kama hapo akitegemea hatachungulia nje naye alijidanganya kidogo. Kuchomoa waya ni upumbavu, na upumbavu tunausamehe kila siku, la sivyo nisingekuwa na kazi. Lakini yule mama alikuuliza swali lilelile ambalo wewe peke yako, katika ukumbi mzima, ulikuwa umetoka kuliona jibu lake. Chupa ilikuwa bado haijapoa vizuri, kijana. Ukamjibu kwa mzaha. Hapo ndipo ulipoiacha meza, si pale ulipokwenda darajani.

Najua kinachokuuma, na si kiti cha dirishani. Ulikuwa mtoto ambaye shule ilimtoa, mtu mmoja akakupokea, na kwa mara ya kwanza amekuambia unamfaa. Unaogopa kuyarudisha maneno yale. Pole, mwanangu. Pole ya kweli. Lakini maneno yale alimwambia mtu ambaye hakuwepo mezani. Yeye hajui, wewe unajua, ndiyo maana yanakuchoma badala ya kukupa joto.

Fanya hivi. Usianze kwa kusimulia, maana ukianza kusimulia utajisifu, nimekusoma vya kutosha. Chukua mashine moja uliyoilehemu mwenyewe, ining'inize kwenye friji lenye chupa ya maji, mbele ya mjomba, umwombe akae. Chomoa waya wa vyote viwili. Atakwambia betri haiachwi ilale njaa. Mwambie, "Mjomba, leo iache." Ikianza kulia, kaeni wote wawili muisikilize mpaka mwisho, wewe hasa. Ikikauka chomeka tena, umpe chupa aishike huku anatazama kioo. Funga mdomo. Yeye ndiye aliyeibuni, ataelewa kabla yako, na atageuka kukuuliza umejuaje.

Hapo mwambie yote: simu, lifti, daraja, kinyozi, na jibu ulilompa yule mama, neno kwa neno, bila kulipamba. Usilie kwanza ili akuonee huruma, na usimkumbushe kwamba bila utoro wako kasoro isingeonekana. Ni kweli, lakini si wewe wa kulisema.

Akikasirika, mwache akasirike. Akikutoa kwenye kile kiti, toka, ulehemu penye giza. Kisha, akishapata jinsi ya kuirekebisha, chukueni namba ya yule mama mpige pamoja, na sauti ya kwanza atakayoisikia iwe yako. Anaweza kufuta oda. Anaweza pia kungoja, mtu anayeuliza swali kama lile huwa anajua thamani ya jibu. Hilo ni lake kuamua, na umemnyima nafasi hiyo tangu siku mlipoonana.

Nawe usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie mjomba leo, gazeti hili likiwa bado mkononi, masanduku yakiwa bado wazi. Yakishafungwa utalazimika kumweleza mtu mwingine, na huyo atakuwa amesimama mlangoni pa zahanati, na mtoto mgongoni.