Nilimshika Mkono, Nikaandika Kwamba Amechagua Mwenyewe

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi pokea salamu tu. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama mwandiko umepinda, maana naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka saba, magoti yamenifika kifuani, watoto wameshaondoka na mfagiaji amesimama mlangoni na ndoo yake ananisubiri nimpishe.

Mimi ni mwalimu, nimefundisha darasa la pili kwa miaka kumi na saba, na sijisifu nikikwambia kwamba nilikuwa naweza kunyamazisha watoto sitini kwa kukohoa tu, wakuu wa shule walikuwa wakileta wageni kwenye darasa langu waone nidhamu. Mwaka juzi siku moja nikauliza nani ana swali, wakaniangalia, nikakumbuka kwamba tangu mwaka uanze hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza chochote isipokuwa ruhusa ya kwenda chooni, nikarudi nyumbani sina raha. Ndipo nikasikia kuna mafunzo ya walimu wa msingi kwa mfumo ule ambao mtoto ndiye anayeongoza kujifunza kwake, vifaa viko kwenye rafu, mtoto anachagua kazi yake, anatandika mkeka wake, anafanya, anarudisha, na mwalimu kazi yake ni kuandaa chumba, kuonyesha kifaa kinavyotumika, kisha kurudi nyuma na kutazama. Nikajiandikisha. Mama yangu mzazi, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, aliniambia, "Yaani umefundisha miaka yote hiyo, leo unakwenda kufundishwa kukaa kimya?" Nikacheka, lakini kumbe alikuwa amesema kweli, kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Ili upate cheti lazima umchunguze mtoto mmoja kwa wiki nane, kila siku nusu saa, unakaa pembeni na daftari, humsemeshi, humwelekezi, unaandika ulichokiona kwa macho na si unachofikiri. Mimi nilipewa msichana wa miaka saba ambaye wenzake wanamwita Mkaguzi, kwa sababu hafanyi kazi yoyote, anazunguka tu darasani mikono nyuma, anasimama mbele ya kila mkeka anatazama wenzake wanavyofanya, kisha anasogea kwa mwingine. Bibi yake ndiye anayemlea, na alituambia kwamba shule aliyotoka alikuwa akipigwa vidole kwa rula kwa kuhesabia vidole. Basi wiki ya kwanza nikaandika, amezunguka, amesimama karibu na shanga za kuhesabia, hakugusa. Wiki ya pili, amezunguka, amesimama karibu na shanga, hakugusa. Wiki ya tatu vilevile, ya nne vilevile, na huku wenzangu kwenye mafunzo kila tukikutana wana mambo ya kusimulia, mmoja mtoto wake amepima ukumbi mzima kwa kamba, mwingine mtoto wake ameandika hadithi ya kurasa tisa, mimi nafungua daftari langu naona aibu kama niliyekuja kwenye sherehe na nguo za jikoni.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, mwalimu wa darasa alitoka kidogo kwenda kuongea na mzazi koridoni. Mshauri, sijui nini kilinipanda kichwani. Niliinuka, nikamshika yule mtoto mkono hapa kwenye kifundo, nikamkalisha kwenye mkeka, nikashusha sanduku la shanga mimi mwenyewe, nikasema kwa ile sauti yangu ya zamani, "Leo tunagawanya. Ishirini na nne kwa watu wanne. Haya!" Akagawanya. Nikampa nyingine ngumu zaidi, akagawanya, nikampa inayobakiza, akagawanya na kilichobaki akakitenga pembeni bila kuambiwa, zote sawasawa, sikuamini macho yangu, kumbe wiki zote zile za kuzunguka alikuwa anajifunza. Lakini alikuwa hanitazami. Alipomaliza akarudisha shanga moja moja sandukuni, akaniuliza polepole, "Nimemaliza. Naweza kwenda?"

Jioni nikaandika kwenye daftari kwamba leo saa tatu na robo, bila kuelekezwa na mtu yeyote, mtoto amekwenda mwenyewe kwenye rafu, akachagua shanga na kugawanya. Niliandika vizuri sana, mwandiko umenyooka kuliko huu. Jumatatu mkufunzi wetu, mwanamke wa makamo ambaye akiingia chumbani husikii hata kiatu chake, akausoma ukurasa ule akaurudia, akavua miwani akafuta macho, akasema, "Hii ndiyo subira ninayowahubiria kila siku." Na sasa anataka siku ya kufunga mafunzo niusome mbele ya walimu wote na wageni, halafu nakala wapewe watakaoanza mwaka ujao. Bibi wa mtoto alisomewa ukurasa ule na mwalimu wa darasa, akaja kunishika mikono yote miwili.

Lakini mtoto hazunguki tena. Tangu siku ile anakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, na kila nikiingia anasimama wima mpaka nipite. Katika darasa lile hakuna mtoto anayesimama mwalimu akiingia, ni yeye tu, na ni kwangu tu. Juzi aliniuliza, "Mwalimu, leo unataka nichague nini?" Nikaenda chooni nikafungulia maji ya bomba nikalia.

Mume wangu ni seremala, nilipomweleza alisema, "Nyamaza, chukua cheti, watoto wengine utawafanyia vizuri." Mwenzangu mmoja wa mafunzo akaniambia mbona kila mtu anapika daftari. Siku ya kufunga ni wiki tatu kutoka leo, na shule hii ninayofanyia uchunguzi imeniahidi darasa langu mwenyewe nikishapata cheti. Nikisema, nimepoteza miaka miwili na nimemtia aibu mkufunzi. Nikinyamaza, nitasimama pale mbele nisome uongo. Mshauri, nifanye nini? Nisaidie, nimechoka kujiuliza mwenyewe.

Mimi, mwalimu asiyejua kukaa kimya.

JIBU

Mwalimu, pole. Nimeisoma mpaka mwisho, na mwandiko nimeuona. Sasa vuta pumzi, maana sitakubembeleza.

Unaniuliza kama useme au unyamaze. Mtu aliyeamua kunyamaza haandiki kurasa nne kwa gazeti. Jibu unalo, unachotafuta ni mtu wa kukusukuma, na mimi nakusukuma: sema. Na usisubiri wiki ya tatu. Barua hii naitanguliza kwako kwa posta kabla haijachapwa, ili usije ukasingizia kwamba gazeti lilichelewa.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Miaka kumi na saba mkono wako umezoea kushika, ukadhani miaka miwili ya semina itaufundisha kuachia. Hukumdhuru mtoto kwa chuki, ulimdhuru kwa aibu, ulipoona wenzako wana hadithi nawe huna. Hilo ni la kibinadamu, na kwa hilo nakuhurumia. Lakini kushika mkono ni kosa la dakika moja. Kukaa jioni, ukatulia, ukanyoosha mwandiko na kuandika "bila kuelekezwa na mtu yeyote", hilo lilikuwa na muda wa kufikiri. Hapo sikuhurumii hata kidogo.

Mumeo anakupenda, ndiyo maana anakushauri vibaya. Muulize kama kiti kikipasuka mguu yeye hupaka vanishi juu na kumpa mteja. Na huyo mwenzako anayesema kila mtu anapika daftari, mwambie basi ajiulize wanaokula hicho kinachopikwa ni akina nani. Mwakani walimu wapya watasoma ukurasa wako, watakaa wiki nne wakimtazama mtoto anayezunguka, na Alhamisi ya wiki ya tano isipotokea miujiza watadhani mtoto ni mbovu. Umelifikiria hilo?

Halafu nikuambie kitu ambacho hukukiona mwenyewe. Uliniandikia kwamba anakaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti, anasimama ukiingia, kwako tu. Hukuongeza chumvi, hukujitetea. Mwalimu, huo ndio uchunguzi. Mwaka juzi mtoto akisimama ulikuwa ukiita nidhamu, leo umeona hofu. Kwa hiyo usiniambie umepoteza miaka miwili.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi anza na mwalimu wa darasa, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto na hajui kwa nini mtoto amebadilika. Siku hiyohiyo nenda kwa mkufunzi, kwa miguu yako, si kwa simu, ukiwa na daftari lote. Usiseme "samahani kama nimekosea". Sema ulichofanya, siku gani, saa ngapi, kisha nyamaza umsikilize. Usijifukuze mwenyewe kwenye mafunzo ili uonekane una uchungu sana, hiyo nayo ni njia ya kukwepa adhabu. Bibi mwambie ukweli ana kwa ana, na akikukasirikia ana haki yake.

Mtoto mfuate mwisho, ukishayamaliza ya wakubwa, usimbebeshe siri. Chuchumaa, macho yenu yawe sawa, umwambie maneno machache: "Siku ile nilikushika mkono nikakuchagulia kazi. Nilikosea. Ukitaka kuzunguka, zunguka." Kisha inuka uondoke. Usisubiri akuambie hamna neno. Si kazi ya mtoto wa miaka saba kukutua mzigo.

Siku kumi na sita baadaye nilipokea karatasi hii, na mwandishi ameniruhusu niiweke hapa:

"Mshauri, nilikwenda. Mwalimu wa darasa alinikasirikia, akaniambia ningemwambia siku ileile asingehangaika wiki nzima kutafuta kama nyumbani kuna tatizo. Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho, hakuvua miwani safari hii, akaniuliza, 'Kabla ya Alhamisi uliandika nini?' Nikampa daftari. Akasoma siku zote zile za amezunguka, hakugusa, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Akasema, 'Alikuwa anasimama kwenye shanga kila siku, na muda wa kusimama unaongezeka. Umeandika mwenyewe, dakika mbili, dakika tano, dakika kumi na moja. Ungengoja.' Kisha akasema cheti sitapata na kundi hili, nitarudia wiki nane pamoja na kundi lijalo, na ukurasa ule akauchana mbele yangu. Nilishukuru, nikatoka nje. Shule imesema darasa watampa mwingine, mimi nikitaka nibaki kama msaidizi. Nimekubali.

Bibi akaniambia, 'Bora umenieleza wewe, yule wa rula wa shule ya kule hakuja.' Mama yangu nilidhani atanicheka, lakini aliniuliza nilimwomba mtoto msamaha kwa maneno gani. Nikamwambia. Akaniomba niyarudie polepole, akabaki anaangalia dirishani, sikumuuliza anamfikiria nani.

Mtoto nilimwambia maneno yale, nikainuka nikaondoka. Siku tano nzima aliendelea kusimama nikiingia. Leo nimeingia alikuwa kwenye mkeka wa mwenzake, amechuchumaa, anamwonyesha kwamba amesahau kutenga shanga moja iliyobaki, na hakugeuka kuniangalia."

Mwalimu, hongera, na usivimbe kichwa, maana bado una wiki nane mbele yako. Nunua daftari jipya. Mwombe mwalimu wa darasa akupangie mahali pa kukaa ambapo mtoto hatakuona kila akiinua kichwa. Kalamu yako iwe ya wino, si ya risasi, usije ukashawishika kufuta. Na siku ambayo umekaa nusu saa nzima hukuona kitu, andika tarehe, andika kwamba hukuona kitu, weka sahihi yako, uende nyumbani ukale.