Jogoo wa Kula na Baba

Baba Dogo, Nairobi
4 Juni 1978

Kwako Dada Nabwire,

Pokea salamu zangu. Kikohozi kimeniachia, sijui mgongo wa Baba umeamkaje huko Busia.

Dada, nimeacha kubeba makreti! Kampuni yetu hapa Industrial Area inanifundisha kazi ya kompyuta. Unaandika maagizo, yanatobolewa kwenye kadi, mashine inazisoma, kesho yake unapewa karatasi ya makosa. Yangu ni ndefu kuliko leso yako. Nimeanza na yale mepesi ya mwisho mwisho. Programu yangu ya mishahara isipokubaliwa na mashine karibuni, narudi kwenye makreti.

Nimemtumia Baba blanketi. Yale maneno ya Krismasi tutayazungumza nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Phares

*

Busia
13 Juni 1978

Mdogo wangu Phares,

Sisi tunaamka, ila Baba anaamka kwa kushikwa mkono. Hongera ya kazi.

Blanketi limefika. Amelipapasa, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Phares, ulimwambia Baba mbele ya wakwe zangu kwamba hajui kitu zaidi ya jembe. Neno lile halifunikwi na blanketi. Unajua desturi ya nyumbani kwetu: aliyekosa huja mwenyewe, jogoo akachinjwa, yeye na aliyekosewa wakala sahani moja. Nimeshamtenga yule mwekundu. Njoo hata kwa siku moja.

Dada yako,
Nabwire

*

Mbotela, Nairobi
8 Julai 1978

Dada yangu mpendwa,

Hamjambo? Nisamehe kimya. Nilihamia huku Mbotela mwezi jana, nikasema nitawaandikia mashine ikinikubali. Sukari na dawa ya kuchua nilizompa Okumu awaletee mlizipata?

Nilikuwa nikifuta kosa hapa, linazuka jingine pale. Jecinta, binti anayetutobolea kadi, akanicheka: "Haiya! Kwani hii kitu unaanza na nyuma? Tengeneza ya kwanza, hizo zingine zitaenda zenyewe!"

La kwanza lilikuwa kadi niliyoisahau mezani, ile inayowatambulisha wafanyakazi kwa mashine. Bila hiyo haikumjua mtu yeyote niliyemtaja mbele. Nikairudisha, na karibu makosa yote yakaisha. Nimeajiriwa, Dada.

Lakini sikufurahi kama nilivyodhani. Nilikaa na ile karatasi nikaona blanketi, sukari, dawa. Hata nyumbani nimeanza na nyuma. Najuta sana. Mwisho wa mwezi nikipata ruhusa naja, nimwombe Baba radhi kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Phares

*

Busia
14 Julai 1978

Phares, mtoto wa mama,

Kaa chini kwanza. Barua yako imenikuta kichwa kimenyolewa. Baba tulimzika Jumamosi, siku ile ile uliyokuwa ukiniandikia. Simu ya maandishi tuliituma Baba Dogo, ikarudi.

Nami najuta. Baba alinikataza kukueleza jinsi alivyozidiwa, eti usije ukaharibu kazi ya watu. Nikatii. Laiti ningekaidi! Na kila mgeni aliyekuja kumwona aliambiwa kuwa mwanawe anaifundisha mashine kuhesabu mishahara.

Siku zake za mwisho shangazi Norah alitaka kumchinja yule jogoo, Baba apate mchuzi wa nguvu. Akakataa. "Mwacheni," akasema. "Phares atachelewa, namjua, lakini atakuja. Asije akakuta manyoya."

Jogoo yupo.

Dada yako,
Nabwire