Komeo la Chumbani

Pangani, 3 Machi 1938

Mke wangu Mwanabaraka,

Mimi sijambo, ila joto la ofisini linakausha wino kalamuni.

Nimefurahi kusikia mlango wa chumba chetu umepata komeo. Lakini kwa nini fundi awe binamu yako Kombo, aliyekuposa kabla yangu? Komeo la ndani hujaribiwa mlango ukiwa umefungwa, na fundi yumo ndani. Wewe ulisimama upande gani?

Unaandika kuwa alikutania, “Sasa hata mumeo atapiga hodi!” Ulicheka?

Basi, usinijibu. Ling'oe tu kabla sijarudi. Naogopa kupiga hodi chumbani kwangu, kisha nikangoja kufunguliwa.

Mumeo akuwazaye,
Mbaruku