Huu Si Wakati wa Kuacha Sigara

Bi Dija mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Bagamoyo, mtu aliyesimama kwenye mikutano ya wanafunzi akalaani unyonge wa kila aina, na leo nakiri kwamba mnyonge ni mimi, kwa maana kila nikiacha sigara huzuka jambo, mara kamati ya nidhamu imeniita, mara mitihani imefika, nami naamini kwa dhati kwamba bila sigara hasira zangu zitanipasua au zitampasua mtu. Mke wangu, Kuruthumu, amejifungua binti yetu wa kwanza, Batuli, na yuko kwa mama yake Msata akingoja arobaini itimie, kifua cha mtoto ni dhaifu, na juzi nilipokwenda kuwaona, nikiwa nimetafuna karafuu njia nzima, alininusa tu akasema, "Baba Batuli, wewe unawafokea wakubwa wa chuo, halafu kisigara kinakufokea wewe. Arobaini ikiisha, sirudi kwenye moshi." Nimweleze vipi kwamba dhiki hizi zipite kwanza? Naye asinitajie Ramadhani. Ni kweli nilifunga yote, hata nikajadiliana na uongozi wa chuo alasiri nikiwa mtulivu, lakini ile ilikuwa nguvu ya swaumu, si yangu, na kila magharibi adhana ilinikuta na tende mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili.

Abdulnasir, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu.

Nakuonea huruma, dhiki zako ni za kweli, na uraibu si upungufu wa akili. Lakini umeleta ushahidi kisha ukamwomba hakimu asiusome. Alasiri ile ulikuwa na njaa, kiu na hasira, huna sigara, na hukumpasua mtu. Utulivu unaoupata ukivuta ni wa mwili uliokuwa ukiidai sigara. Dhiki yenyewe huikuta pale pale ulipoiacha. Unangoja dhiki ziishe? Una mtoto mchanga, Abdulnasir. Ndiyo kwanza zinaanza.

Karafuu zimenikera kuliko moshi. Kesho nenda zahanati, useme ukweli unavuta kiasi gani, wakusaidie, maana siku za mwanzo utakosa usingizi na utakuwa mkali. Hamu ikipanda usibishane nayo: kunywa maji, toka utembee mpaka ishuke. Ukiteleza, anza tena siku hiyo hiyo.

Kisha nenda Msata. Usimwambie Kuruthumu kwamba umeshinda. Mwambie umeanza, na kwamba unaogopa. Hotuba hiyo hujawahi kuitoa popote, na ndiyo anayoingojea.